MIZANI YA UWANJA WA NDEGE NAYO NI MIZANI



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, juzi kijana mmoja ameniandikia inboksi. Anakwenda Umra na mkewe, inshaallah. Ameniuliza: "Shehe, begi la mkononi wanaruhusu kilo 7, mimi nitakuwa na kama 12. Rafiki zangu wananiambia nilifiche wakati wa kupima, nikishapata pasi ya kupandia ndege nalichukua naingia nalo. Wanasema kila mtu anafanya. Je, kuna ubaya?"

Nilitaka kumjibu kwa neno moja. Nikaona nikimjibu yeye peke yake nitakuwa nimejificha, kwa sababu hila hiyo mimi mwenyewe nimewahi kuifundisha watu. Naam, mimi imamu wenu. Nisomeni mpaka mwisho, kisha mnihukumu.

Miaka michache iliyopita niliongoza kundi la mahujaji wa Umra, watu 31. Tukafanya ibada, tukazuru Madina, siku ya kurudi tukafika uwanja wa ndege wa Jeddah. Mnajua hali ya siku ile. Kila mtu ana zawadi: tende, miswala, tasbihi, manukato, mabaibui ya watoto. Mimi nilikuwa nimenunua vitabu. Begi langu la mkononi lilikuwa na kilo 13 na ruhusa ni 7. Nikawakusanya wenzangu pembeni ya nguzo moja kubwa, nikawaambia: "Mabegi mazito ya mkononi yabaki hapa na kijana mmoja. Nendeni kaunta na vimkoba tu. Mkishapewa pasi, rudini mchukue." Watu wakacheka, wakasema shehe wetu mjanja. Tukapita wote. Wallahi nilijiona nimewasaidia waja wa Mwenyezi Mungu.

Katika kundi alikuwemo bi mkubwa mmoja, mjane, umri wake umepita miaka 70, anatembea kwa mkongojo. Yeye hakuficha kitu. Begi lake la mkononi halikufika kilo 4. Kwa mwendo wake wa taratibu akawa wa mwisho kufika mlangoni pa ndege. Kufika kwake, makabati ya juu ya viti yamejaa. Yamejaa nini? Yamejaa sisi, vitabu vyangu na tende za wenzangu. Mhudumu akamwonyesha kwa ishara kwamba begi lake litashushwa chini kwenye mizigo mikubwa, akalibandika karatasi, likaenda. Bi mkubwa hajui Kiingereza wala Kiarabu cha mazungumzo. Mimi kiongozi wake nilikuwa nimeshakaa, nimefunga mkanda, naleta dua ya safari.

Ndani ya lile begi mlikuwemo insulini yake na vidonge vyake vya presha.

Tulikuwa na saa 9 za kusubiri ndege ya pili njiani, na mzigo uliokwenda chini hauonekani tena mpaka Dar es Salaam. Saa ya sindano ikafika, sindano haipo. Akaanza kiu isiyokatika, kila mara msalani, kisha akalegea, maneno yakawa mazito. Tukahangaika mpaka tukampata daktari wa pale uwanjani, Mwenyezi Mungu amlipe, akamhudumia. Tulipofika nyumbani alilazwa siku mbili. Alhamdulillah alipona. Lakini zile saa, mimi nikiwa nimekaa sakafuni pembeni ya kiti chake, sitazisahau mpaka naingia kaburini.

Nilikwenda kwake baada ya wiki kumwomba radhi. Nikamweleza yote. Akaniuliza: "Kwani mwanangu, lile begi lako lilikuwa na nini?" Nikasema, vitabu vya dini, bibi. Akanyamaza kidogo, akasema: "Nimekusamehe. Ila lile la nguzo, usilifundishe tena."

Basi makala hii ni kutekeleza agizo la bi mkubwa.

KWANZA: TIKETI NI MKATABA

Tuanze na hukumu. Unaponunua tiketi ya ndege, kwa lugha ya fiqhi umefunga mkataba wa ijara, yaani kukodi. Umekodi kubebwa wewe pamoja na mzigo wa kiasi kinachojulikana. Kiasi hicho kimeandikwa: mkononi labda kilo 7, chini labda kilo 23 au 30. Surat al-Maida inafungua kwa kutuamrisha sisi tulioamini kutimiza mikataba. Haikubagua mkataba wa ndoa na mkataba wa kilo.

Wapo wanaodhani suala la mzigo uliozidi ni jambo jipya la wazungu wa mashirika ya ndege. Ndugu yangu, sisi wa madhehebu ya Shafi tunalo kwenye vitabu vyetu tangu zama za ngamia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj ameizungumzia hali hii hasa: mtu amekodi mnyama kubeba mzigo wa 100, akampakia 110. Hukumu ni kwamba ile 10 iliyozidi ana deni lake, ailipie ujira kwa kadiri ya desturi. Na akaenda mbele zaidi: mtu akimkabidhi mwenye mnyama mzigo wa 110, naye akaupakia bila kujua kwamba umezidi, basi mnyama akidhurika, dhamana inamrudia yule aliyekodi. Tazama! Ni yule yule wa kaunta aliyepokea begi lako akidhani ni kilo 7. Ada ya mzigo uliozidi imo ndani ya fiqhi yetu karne sita na zaidi kabla hatujapanda ndege.

Kisha soma tena Surat al-Mutaffifin. Mwenyezi Mungu anawatishia maangamivu wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kipimo kitimie, na wao wakiwapimia wengine hupunguza. Sisi aya hizi tumezoea kumsomea muuza sukari na muuza mchele. Akipunguza robo kilo tunampigia kelele mtaa mzima. Lakini sisi wenyewe tukisimama kwenye mizani ya uwanja wa ndege, mmoja ananyanyua begi kwa ncha ya kiatu ili namba ishuke, mwingine amevaa majaketi matatu kwenye joto la Jeddah, na mifuko yote imejaa tende. Mizani ile nayo ni mizani. Aya haikusema mizani ya sokoni tu.

PILI: VISINGIZIO VYETU

Kisingizio cha kwanza: "Shirika lenyewe la matajiri, na wengine si Waislamu." Ndugu yangu, umesahau Hijra? Maquraish walitaka kumuua Mtume (S.A.W.), na amana zao bado zilikuwa nyumbani kwake kwa sababu hawakumwamini mwingine. Usiku ule anaondoka, alimwacha Ali bin Abi Talib (R.A.) Makka ili arudishe amana za watu wale wale waliomtoa mjini kwake. Kama adui anayetaka kukuua anarudishiwa amana yake, shirika lililokuuzia tiketi limekukosea nini?

Na hata hivyo nimekwisha kuonyesha kwamba si la shirika tu. Kabati la juu ya viti lina mwisho. Ukiweka la kwako kubwa, jingine linatoka. Tajiri uliyemkusudia hakuhisi kitu. Aliyeumia ni bi mkubwa wa mkongojo.

Kisingizio cha pili: "Ada zao ni kubwa mno, ni dhuluma." Hapa nitasema kwa uadilifu. Ada yenyewe si haramu. Zamani gharama ya mzigo ilikuwa imefichwa ndani ya nauli ya kila mtu, hata asiye na mzigo alimlipia mwenye masanduku. Mwaka 2008 mafuta yalipopanda bei, American Airlines ilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza la chini katika safari zake za ndani, na makampuni mengi ya Marekani yakafuata. Mwenye mzigo alipie mzigo wake: katika hilo kuna uadilifu. Lakini matokeo yake watu wakaanza kukimbiza kila kitu mkononi, na makabati yakawa vita.

Lililo baya ni kuficha. Bei ikionekana ndogo mwanzo, kisha masharti yakaandikwa kwa herufi za sisimizi, au wakala wa Umra akamwambia mzee wa kijijini "usijali, mizigo ipo" bila kumtajia kilo ngapi, huo ni udanganyifu katika biashara, na dhambi yake wanaibeba wao. Mawakala, nawaombeni kwa jina la Allah: andikeni kilo kwenye karatasi, kwa Kiswahili, kabla hamjapokea pesa ya mtu. Na wewe msafiri, ukiona bei ni kubwa una njia za halali: uliza mapema, nunua kilo kabla ya siku ya safari kwani mara nyingi huwa nafuu kuliko kaunta, chagua shirika jingine, lalamika kwa maandishi, au punguza zawadi. Dhuluma ya mwenzako haigeuki kuwa ruhusa yako ya kudanganya.

Kisingizio cha tatu: "Nilimpa yule wa kaunta ya soda, akanipitisha." Hiyo ina jina lake, inaitwa rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa katika hadithi. Ama mwenye mamlaka akikuhurumia mwenyewe, akaona ni kilo moja akasema pita, hiyo ni hisani yake. Sema ahsante, upite.

Kisingizio cha nne: "Kilo 5 ni nini kwa ndege kubwa kama ile?" Kijana mmoja wa msikitini kwetu anafanya kazi ya kupakia mizigo uwanjani. Ananiambia kabla ndege haijaruka huandikwa karatasi ya uzito: mafuta kiasi gani, watu wangapi, mizigo kiasi gani, na imekaa mbele au nyuma. Rubani anategemea karatasi hiyo. Na kwa nini begi moja halipokelewi likizidi kilo 32? Kwa sababu lipo la kunyanyuliwa na binadamu. Ananiambia, "Shehe, nyie mnaona begi, mimi naona mgongo wangu."

Januari 2003, ndege ndogo yenye watu 21 ilianguka Charlotte, Marekani, ilipokuwa inapaa. Hakupona hata mmoja. Wachunguzi walikuta mambo mawili yamekutana: matengenezo yaliyokosewa kwenye mfumo wa mkia, na uzito ulioelemea nyuma kuliko hesabu ilivyoonyesha, kwa sababu watu na mizigo walihesabiwa kwa wastani ambao haukulingana na uzito wao halisi. Pale hakuna abiria aliyedanganya. Lakini jifunze kwamba kilo isiyoandikwa si kilo isiyokuwepo. Na sisi tunaopanda vindege vidogo vya kwenda visiwani, ambako mara nyingi ruhusa ni kilo 15 tu, tuogope zaidi.

TATU: JINA LAKO NI AMANA

Wengine hawafichi, wanagawana. "Mama, wewe mzigo wako mdogo, nisaidie hili begi liandikwe kwa jina lako." Kugawana kilo na mkeo au mwanao, mkiwa pamoja na shirika likikubali, hakuna neno. Ama mtu usiyemjua, au begi usilolipakia mwenyewe, kataa, hata akilia.

Mwishoni mwa 2018 binti mmoja wa Nigeria alikwenda Umra na familia yake. Saudi Arabia wakamkamata, kwa sababu kulikuwa na begi lenye kibandiko cha jina lake na ndani yake dawa zilizopigwa marufuku. Begi halikuwa lake. Watu wa uwanja wa ndege wa Kano ndio walioliandikisha kwa jina lake bila yeye kujua. Alikaa kizuizini kwa miezi, katika nchi ambayo kosa la dawa za kulevya linaweza kumfikisha mtu kwenye upanga, mpaka ukweli ulipodhihiri akaachiwa mwaka 2019. Huyu hakujua. Je, wewe unayeazimisha jina lako kwa hiari, kwa sababu ya aibu ya kusema hapana? Hesabu vibandiko unavyopewa kaunta. Vilingane na mabegi yako.

NNE: ADABU NDANI YA NDEGE

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kumsaidia mtu apande mnyama wake, au kumnyanyulia mzigo wake juu ya mnyama huyo, ni sadaka. Subhanallah! Kila ukiona mama mfupi anahangaika na begi chini ya kabati, hiyo ni sadaka imesimama mbele yako, na wewe umeshika simu. Inuka.

Begi liweke juu ya kiti chako, usiliache mbele ukaenda kukaa nyuma. Kimkoba na mfuko wa tende vikae chini ya kiti kilicho mbele yako. Usisogeze begi la mtu bila idhini yake. Usisimame njiani unapanga vitu na watu 50 nyuma yako wamengoja. Surat al-Mujadila inatuambia tukiombwa kupeana nafasi katika mabaraza tupeane, na Mwenyezi Mungu atatupa nafasi. Na ndege nayo ni baraza.

Zamzam: ipo kwenye chupa ya lita 5 ndani ya katoni yake maalumu. Ichukue hivyo hivyo kwa utaratibu wa uwanja. Usiimimine kwenye vichupa ukavificha ndani ya sanduku la nguo. Kwanza wanavitoa, na vikipasuka vitalowesha mali za watu. Maji ya baraka yasiwe sababu ya kudhuru.

Dawa zako, pasi ya kusafiria, pesa na pawabanki viwe kwenye kimkoba kidogo kisichotoka mwilini. Wakilichukua begi lako mlangoni, kimkoba kinabaki. Insulini haitakiwi chini kwenye mizigo, inaweza kuganda kwa baridi. Pawabanki nayo hairuhusiwi kule chini, kwa sababu ya hatari ya moto. Na ewe kiongozi wa kundi, usikae mpaka mzee wako wa mwisho amekaa. Hili najiambia mimi kwanza.

La mwisho katika adabu: siku ikitokea dharura, acha begi. Januari 2, 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani pale Haneda, Tokyo, ikawaka moto. Katika ile ndege ndogo walikufa watu watano. Ndani ya ile kubwa walikuwamo watu 379, na wote walitoka hai, wakafuata maelekezo ya wahudumu na kuacha mabegi yao yakaungua. Sekunde unayofungua kabati kutoa udi na kanzu mpya ni sekunde ya pumzi ya aliye nyuma yako.

MWENYE KUWA AMESHAFANYA

Kama mimi. Toba ina masharti yake: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia. Ikiwa ndani yake mna haki ya mja, kuna la nne, kurudisha haki. Bi mkubwa nilimwomba radhi uso kwa uso. Wale 30 niliwapigia simu mmoja mmoja, nikawaambia niliwafundisha vibaya. Kisha nikaenda ofisi ya shirika kulipia kilo zangu 6. Dada wa pale akacheka, akasema hajui aiandike wapi, safari imekwisha. Nikamwomba anipigie hesabu, nikatoa thamani yake sadaka kwa niaba ya wenyewe, kama wanavyoelekeza wanavyuoni pale haki inapokosa njia ya kumfikia mwenyewe. Ilinikata mfukoni. Ilikuwa zaidi ya bei ya vile vitabu.

Mnaijua hadithi ya muflisi. Anakuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, alikula mali ya yule. Mema yake yanagawiwa mpaka yanakwisha. Sasa fikiria mtu anarudi na Umra yake, hajafika hata kwao, ameshaanza kuigawa mlangoni pa ndege kwa ajili ya kilo 6 za tende na vitabu.

Kijana wangu uliyeniuliza, jibu lako ndilo hili. Toa kilo 5, au zilipie. Ukiwa upande wa kwetu, msikitini tumenunua mizani ndogo ya kuning'iniza begi. Ipo kwa mwadhini. Anayesafiri aje aazime baada ya Alasiri, apime nyumbani kwake kabla hajapimwa na mwingine.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyabeba na yasiyokuwa yetu, mpe afya bi mkubwa wetu, wafikishe salama wasafiri wote. Amin.

Msomee na mwenzako anayejiandaa na safari.

Wabillahi tawfiq.